Betri ya Rimoti

Mume wangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto mwenyewe. Kifaa changu cha kutafutia vyuma majini nimekifungua, kinakauka dirishani. ~~Usikiguse.~~ Kigeuze saa nane, maji yaliyobaki yatoke.

Jana ulitoa betri yake ukaitia kwenye rimoti. Uliirudisha, sawa, lakini mpira wa kifuniko ulishika mchanga, nawe hukuufuta wala kuupaka grisi. Leo asubuhi nimekijaribu na kukiseti kwenye maji ya magotini, mbali na kisu changu kisije kikakidanganya, kikalia vizuri. Nilipozama chini kikanyamaza kabisa.

Ufukweni alisimama yule mama mjane, kanishikia kandambili, akingoja pete ya marehemu mumewe iliyomponyoka majini. Nimetoka mikono mitupu. Akaniambia, "Usijali mwanangu, umejitahidi." Heri angenitukana.

Miaka kumi na mmoja nakwambia hii ni kazi, wewe unaiita michezo yangu.

Nimerudi baharini kupapasa kwa mikono. Usinipigie simu.

Yule mama aliniuliza kifaa kimeharibikaje, nikasema ni chumvi. Niliona haya kumtaja mume wangu mbele ya mtu anayemlilia wake.

Mkeo