Medali ya Mchaga Imelala Jikoni Kwangu

Jumapili. Mvua ya Landani, ile isiyonyesha wala kuacha.

Shajara, leo sikwenda kanisani. Nimekaa jikoni na pajama, chai imepoa, na mezani, kati ya dawa zangu za presha na bakuli la makande ya jana, kuna medali ya dhahabu. Si yangu. Nimeivaa mara kadhaa tangu asubuhi na, nisidanganye, inanipendeza kuliko mwenyewe.

Ni ya Aika, mjukuu wa Kimaro. Niliikamata jana.

Nieleze vizuri, maana watakaousoma ukurasa huu siku moja wengine wamezaliwa huku na hawajui mambo. Mimi Mpare, Kimaro Mchaga. Sisi ni watani, wao hutuita wabahili na wapenda kesi, na watani tuliwarithi, hatukuchagua. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na kukamata mali yako kwenye sherehe, nawe huruhusiwi kununa. Unamfuata, unakikomboa kitu chako kwa soda, kwa kuku, hata kwa kiberiti, mnacheka, yanaisha. Mke wangu alipofariki, Kimaro alivaa koti langu, akakaa kwenye kiti changu, akatangaza kwamba mfiwa ni yeye na apewe ubwabwa wa kwanza. Nililia huku nacheka. Bila yeye siku ile sijui ningefika wapi.

Kwa hiyo najua utani ni nini. Na najua kwamba nilichofanya jana hakikuwa utani wote.

Kilikuwa wivu.

Haya, nimeandika.

Huyu Kimaro anaogopa maji mpaka ya kuoga. Amekulia mlimani kwenye migomba, maji aliyoyajua ni ya mfereji, yanamfika magotini. Leo ukimwita Mzee Kimaro haitiki, ni Babu wa Bingwa. Kanisani anawekewa kiti cha mbele, akina mama wanamwongezea nyama bila yeye kuomba. Juzi alisimama sebuleni kwangu akanifundisha, mimi, namna ya kugeuka ukutani mwa bwawa. Alikuwa anapiga hewa kwa mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

Wajukuu zangu ni watoto wazuri. Mmoja yuko ofisi ya bima, mwingine anapanga maua ya harusi. Jaribu wewe kumpigia vigelegele mtu wa bima.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba safari ya yule mtoto naijua kuanzia benchi la bwawani. Mama yake, Ndeshi, ni nesi, alikuwa na zamu za usiku. Kimaro alikuwa na goti, goti linalouma alfajiri tu na kupona ikifika saa ya kula. Mimi nilikuwa nimestaafu kuosha mabasi. Basi nikawa mimi. Nilimpeleka Aika bwawani Stratford kwa basi la kwanza, kukiwa bado giza, miaka nenda miaka rudi. Alikuwa mwoga wa kutumbukiza uso majini, ndiyo maana kocha akamgeuza chali, akaogelea anaangalia dari. Akabaki hapo hapo. Nilimwambia Kimaro, Mchaga gani huyu anashinda amelala? Akanijibu kwamba Mpare hata akisimama hashindi.

Mimi kazi yangu ilikuwa soksi. Sakafu ya pale ni barafu, na mtoto akitoka majini anatetemeka mpaka meno yanagongana. Kwa hiyo nilizikalia soksi zake muda wote wa mazoezi, akitoka azikute za moto. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya kuogelea.

Akashinda mashindano ya shule. Akashinda Landani nzima, wakamwingiza timu ya taifa, akaanza kupelekwa na gari la klabu, na benchi nikaachana nalo. Halafu bega likamharibikia. Mwaka mzima aliogelea kwa miguu tu, ameshika kibao cha povu kama mtoto anayeanza, na simu nyumbani kwao zikakauka. Kisha akarudi, pole pole, na mwezi uliopita akawa bingwa wa Ulaya. Kwenye televisheni wakamwuliza anamshukuru nani. Akasema babu yake.

Kimaro alilia mbele ya wageni. Mimi nilizima televisheni, nikasema rimoti imeharibika.

Jana ukumbi wa kanisa ulijaa. Machalari ya ndizi, nyama, keki ya rangi ya bwawa. Ukafika wakati wa watani, wazee wote wakanigeukia. Nikainuka na fimbo yangu, nikaenda mpaka kwa Aika. Aliinama. Alidhani nataka kumbariki. Nikaivua ile medali shingoni mwake, nikaivaa, nikatangaza: "Wachaga maji mnayoyajua ni pombe ya mbege tu. Hii imekamatwa mpaka ilipiwe."

Wazee walicheka, mama mmoja akapiga kigelegele. Lakini meza ya watu wa klabu ilinyamaza. Kocha wake, Mwingereza mmoja mpole, akaja akanishika kiwiko, akaniuliza pole pole, kwa ile sauti ya kuwauliza wazee waliopotea njia, kama najua leo ni siku gani. Aika naye akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo si yako, Babu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Hapo Kimaro alitakiwa ajibu. Alitakiwa aseme Mpare kaja na kesi yake, mpeni nusu ya soda aondoke. Yeye alikuwa anaangalia mikono yangu. Nami nikaiangalia. Ilikuwa imeikamata ile medali kwa nguvu zote.

Desturi inasema mkamataji anaondoka na mali, mwenyewe anamfuata. Nikaondoka. Nilitembea kama konokono mpaka kituoni, nikaacha basi likapita tupu ili nipate kufuatwa. Nikaacha na la pili.

Hakuja mtu.

Asubuhi hii Ndeshi alipiga simu. Alianza kwa shikamoo, maana amelelewa, kisha akataja polisi, kisha akakata. Mpare na kesi ni kama mtu na chai yake, lakini hii siitaki. Maana kama Kimaro haji kuikomboa, basi hakuna utani tena. Mimi ni mzee aliyemvua mtoto medali, na yeye si mtani wangu. Nimekaa na hilo tangu kulipokucha. Kumrudishia ningeweza, ni vituo vichache tu vya basi. Lakini mkamataji akirudisha mwenyewe amekiri kwamba aliiba.

Naendelea jioni. Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, mchana kengele ikalia.

Alikuwa Aika, peke yake, amelowa, kofia ya jaketi mpaka machoni. Mkononi ana chipsi za siki zilizofungwa kwenye karatasi. Akakaa bila kukaribishwa. Akaniambia, Kiingereza kwa sehemu kubwa, kwamba usiku amekesha na babu yake akielezwa utani, toka mwanzo, pamoja na habari ya koti langu msibani. Kimaro hakutaka kuja. Amesema hajui kama aliyeikamata ni mtani au ni mtu mwingine.

Kwa hiyo, akasema, amekuja kuangalia.

Akafungua chipsi. Akachagua moja, fupi kuliko zote, iliyoungua ncha, akaniwekea mezani mbele ya medali. Zamani tukitoka bwawani nilikuwa nanunua za mtu mmoja tunakula wawili, na mimi ndiye nagawa.

"Ukombozi," akasema kwa Kiswahili. "Usile yote leo, Mpare."

Shajara, nilicheka mpaka dawa za presha zikaanguka. Nikala ile chipsi. Zilizobaki akala yeye zote, ananiangalia. Akavaa medali yake. Nilitaka kumwuliza, pale kwenye televisheni, uliposema babu, ulimaanisha nani? Swali lilinifika kwenye meno. Nikalimeza. Mtani haombi kushukuriwa.

Akafika mlangoni, akaichomoa kofia yangu ya sufu kwenye msumari, akaivaa juu ya nywele zake zilizolowa.

"Imekamatwa," akasema.

Nikamwuliza anataka nini, kuku?

"Kesho asubuhi, basi la kwanza. Nani atakalia soksi zangu?"

Akateremka ngazi mbili mbili. Nilipofika dirishani alikuwa ameshavuka barabara na kofia yangu.

Baadaye nimempigia Kimaro. Nimemwambia mjukuu wake ni mwizi, ameniibia kofia. Akasema goti lake leo lina nafuu, pengine kesho na yeye atakuja bwawani.

Aje. Lakini soksi ni zangu.