Kazi ya Nkwimba kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Agosti
Umeme umerudi saa nne. Fotokopi kumi na mbili, barua moja ya kuchapa. Baada ya hapo kazi yangu mwenyewe. Tovuti tunakoweka msimbo wa programu yetu ya chanjo inafungwa mwisho wa mwezi. Kila mwenye mradi auhamishe. Programu ni huria, anayetaka anaichukua bure. Afisa mifugo wa Kisanga anaitumia kujua ng'ombe yupi kachanjwa lini. Tumeiandika wawili, mimi na Nkwimba, binti wa wafugaji wa Kisukuma. Kwenye tovuti mpya nimefungua akaunti mbili, yangu na yake. Nataka kuona historia ya mabadiliko yetu ya miaka mitatu inahamaje.

Jumatano, 5 Agosti
Imehama. Modemu haikukatika hata mara moja. Kila badiliko lipo na tarehe yake. Ajabu: yote yana jina langu. Sababu naijua. Kule tulitumia akaunti moja, yangu, kwenye kompyuta moja ya hapa dukani Mikumi. Hatukuona haja ya mbili. Nilifurahi kidogo kuona jina langu limejaa ukurasa. Naandika ili nisijidanganye.

Ijumaa, 7 Agosti
Nkwimba kaja. Ameitwa usaili Morogoro tarehe 20, mradi wa mifugo. Wataangalia kazi zake kwenye tovuti. Nikamwonyesha. Akasoma hadi chini.
“Kaka Daudi, kumbe mimi nilikuwa nakuja Mikumi kunywa chai tu?”
Aibu.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimesoma maelezo ya mabadiliko moja moja. Tuliyaandika kama vikaratasi vya kuachiana. Yake huanza: “Shikamoo kaka, nimerekebisha tarehe.” Yangu: “Marahaba, nimeona, nimeongeza orodha.” Basi wenyewe wanajulikana! Nimejaribu kuweka jina lake kwenye kumi. Jina linabadilishika, ila lazima historia yote ipandishwe upya.

Jumanne, 11 Agosti
Nimekwama. Mabadiliko ya Machi mwaka jana hayana salamu. Yapo kumi na manane. Ndimo ilimo sehemu bora, ile inayozuia ng'ombe kuchanjwa mara mbili. Nakumbuka nikiiandika. Au nakumbuka nikimweleza afisa mifugo? Yeye hunisifia hiyo kila akija. Sijawahi kumkatiza.

Alhamisi, 13 Agosti
Kisanga kwa kina Nkwimba, kwa bodaboda. Vumbi. Mama yake kanipa maziwa. Nilipouliza habari za Machi, Nkwimba alicheka.
“Si tulikuwa hatusalimiani! Ulisema msimbo wangu wa kienyeji kama ng'ombe wa baba.”
Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hapana. Alikuwa anaingia nikienda kula, anatoka kabla sijarudi.
“Ile ya chanjo mbili niliiandika kwa hasira, kaka.”
Yote kumi na manane ni yake. Imeniuma. Nilitaka angalau mawili.

Jumatatu, 17 Agosti
Nimepandisha upya. Kila badiliko na mwenyewe. Yake ni mengi kuliko yangu. Nimemwambia pia afisa mifugo. Kashangaa, kisha kaomba namba ya Nkwimba.

Ijumaa, 21 Agosti
Nkwimba alipiga simu jana jioni. Kwenye usaili walikaa sana kwenye ile ya chanjo mbili, akaieleza mstari kwa mstari. Majibu bado.
Leo wateja wachache. Nimeifungua sehemu hiyo, mara ya kwanza nikiisoma kama kazi ya mtu mwingine. Ni fupi kuliko nilivyodhani. Kuna mistari minne siielewi inafanyaje kazi. Nimeinakili kwenye karatasi. Nimekaa nayo hadi saa ya kufunga.