Mume Wangu Anajisifu Amepona kwa Mizizi, Kumbe ni Vidonge Vyangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu mapema, maana Jumamosi si mbali na mimi chakula hakipiti, nikikaa kwenye cherehani akili haipo, juzi nimemshonea mteja suruali mguu mmoja umegeukia nyuma, akaitazama, akanitazama, akasema, "Fundi, una nini?" nami nikacheka, nikaanza kuifumua. Usiogope kuiweka barua hii gazetini, mume wangu ukurasa wako hausomi, anasema ni wa wanawake, yeye ni michezo tu.

Mimi ni fundi wa sare za shule na nguo za kike, mume wangu ni mwalimu wa fizikia, kafundisha mpaka kaota mvi, na mtaa mzima unamjua kwa neno moja, kwamba ukimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inakuja, anakuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Basi mtu huyohuyo, aliyenibana kwa ushahidi tangu uchumba, ndiye aliyeingizwa mkenge na tabibu mmoja aliyefungua ofisi karibu na stendi. Na mshauri, mimi sizikatai dawa za miti, nimenyweshwa majani na mizizi tangu utotoni na bado nipo, lakini huyu hasemi ni mizizi, anasema ni sayansi, kaandika ukutani kwa rangi nyekundu TIBA ASILIA YA KISAYANSI, anavaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni, na ana mtambo.

Mume wangu ana sukari. Hospitali walimpa vidonge akawa anameza kwa manung'uniko, maana vilikuwa vinamvuruga tumbo, nami namwambia meza tu, mpaka mwalimu mwenzake akampeleka kwa tabibu huyo, akavutiwa kiti akasikilizwa saa nzima, akarudi macho yanamng'aa, akaniambia, "Mama watoto, yule bwana anaongea lugha yangu. Anaongea mawimbi, anaongea nishati." Nikamwuliza, "Na ushahidi uko wapi?" Akaniambia, "Hii ni fizikia ya juu, huwezi kuielewa."

Akanipeleka nikaone. Mtambo wenyewe ni sanduku lenye taa za kijani, mgonjwa anashika kipande cha chuma, waya unaingia kwenye kompyuta, printa inatoa karatasi ya magonjwa yako yote. Siku hiyo walikuwa wameshaingiza umri wa mume wangu na habari zake zote, halafu simu yake ikaita akatoka nje, tabibu naye kageuka anapima unga wake wa dawa, mimi kwa udadisi tu nikakishika kile chuma. Mtambo ukalia, karatasi ikatoka, imeandikwa figo zimechoka, ini limejaa sumu, na tezi dume imevimba kwa asilimia thelathini na nane. Mimi, mshauri! Mama wa watoto watatu! Nikamwambia tabibu, aliyeshika ni mimi. Wala hakubabaika. Akasema, "Mama, ninyi mnalala kitanda kimoja, mawimbi ya baba yamehamia kwako." Mume wangu ndiyo anaingia, nikamweleza nikitegemea atalipuka, akakuna kidevu, akasema, "Inawezekana. Hata msumari ukikaa na sumaku unakuwa sumaku." Nikarudi nyumbani na tezi dume yangu.

Basi akaacha vidonge. Akanipa kopo lake akasema, "Tupa hii sumu," akaanza ule unga wa tabibu, unachemshwa, mchungu kama shubiri na unanuka kama kiatu kilicholowa. Haukupita muda akaanza kiu isiyokatika, haja ndogo kila saa, macho yanafifia mpaka wanafunzi wake wakaniambia mwalimu anaandika mstari juu ya mstari ubaoni. Nikaenda kwa tabibu mwenyewe nikamwambia mzee anazidiwa, akapiga makofi. "Vizuri sana! Hiyo ni sumu inatoka. Akipata nafuu, dawa inafanya kazi. Akizidiwa, ndiyo inafanya kazi zaidi." Hapo nikaogopa kweli, mshauri, kwa sababu nimeona mtu ambaye hata mume wangu akianguka atasema dawa imekolea. Nyumbani nimesema mpaka mate yamenikauka, nimelia, nimenuna, nimemwita ndugu yake mkubwa, naye akaondoka na pakiti mbili za unga.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Vidonge sikuvitupa, na anayechemsha huo unga ni mimi, basi nikawa nasaga kidonge kwa kitako cha glasi, nakoroga, nampelekea. Anakunywa, anakunja uso, anasema, "Unaona ilivyo kali? Hiyo ndiyo nguvu ya asili." Vilipoisha nikaenda kliniki na kadi yake, nikasema mzee yuko darasani, wakanipa vingine.

Kupima sukari hospitali hakuacha, anasema jaribio lazima lipimwe, na sukari ikashuka, mshauri, nikacheza peke yangu jikoni. Kumbe nimejichimbia kaburi. Mume wangu kachukua majibu ya hospitali, kachora grafu kwenye karatasi ya manila, mstari mwekundu unateremka kama ngazi, juu kaandika MATOKEO YA JARIBIO, kampelekea tabibu, tabibu kaitundika ukutani. Sasa Jumamosi tabibu kaita watu, kakodi viti na spika, na msemaji mkuu ni mume wangu, atasimama kama mwalimu wa fizikia kuthibitisha kwamba tiba hii ni sayansi.

Hilo ningelimeza. Lakini kuna wifi yangu, dada wa mume wangu, mpole, ndiye aliyenipokea katika ukoo huu wakati wengine wananitazama juu chini. Yeye ana sukari ile ya sindano, anajichoma insulini tangu msichana. Jana kaja na furaha, kanikumbatia, kaniambia, "Wifi, nimechoka kujitoboa. Jumamosi naanza dawa ya kaka, sindano natupa." Mume wangu akampongeza. Mimi nimeshika sinia nikasema, "Chai itapoa."

Nikisema ukweli, mume wangu ataaibika na hataamini tena hata maji nikimpa. Nikinyamaza, wifi yangu anakwisha. Usiku nilifika mahali pa kuwaza nimsagie na yeye kimyakimya, lakini sindano haisagwi. Nifanye nini?

Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, usimalize kusoma jibu hili. Weka gazeti chini, nenda kwa wifi yako sasa hivi, na umwambie hivi: "Sindano usiiache. Kaka yako hakupona kwa mizizi, nilikuwa namwekea vidonge vya hospitali bila yeye kujua." Usimzungukezunguke, usianze na habari za watoto. Ukishamwambia, rudi tugombane.

Umerudi? Haya, kaa.

Kwanza pole, na nisamehe, habari ya tezi dume yako imenichekesha mpaka mhariri kaja kuuliza kuna nini. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele kwa sababu ya wifi yako tu. Mtu anayeishi kwa insulini hana nafasi ya kujaribu. Kaka yake aliacha vidonge akapata kiu na macho kufifia, yeye akiacha sindano anaweza kutangulia mbele ya haki kabla unga haujachemka mara ya pili.

Sasa wewe. Ulitaka kumwokoa mume, nakuelewa, na mapenzi yako nayaona. Lakini, mama wee, umemtafutia tabibu ushahidi ambao asingeupata hata angeuota! Miaka yote angehangaika na lile sanduku la taa, wewe ukamletea mgonjwa aliyepona, tena na grafu. Na tena ulikuwa unacheza na moto. Si kila kidonge kinasagwa, na huo unga hujui una nini ndani, huenda nao unashusha sukari, viwili vikikutana mzee anaanguka darasani na chaki mkononi. Kliniki nao umewadanganya, wanatibu mtu ambaye habari zake za kweli hawana. Kama ungekuwa mwanangu ningekuzaba kofi dogo, kisha nikakukumbatia.

Na huyo tabibu. Sina ugomvi na mizizi, dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye miti. Tofauti ni kwamba zile zilipimwa, zilizofeli zikatupwa. Nenda kamwulize bwana huyo: katika maisha yako umeshatupa dawa ngapi kwa sababu umegundua hazifai? Atakuonyesha kalamu zake nne. Mgonjwa akipata nafuu ni dawa, akizidiwa ni dawa, mwanamke akikutwa na tezi dume ni kitanda. Hakuna kitu chochote duniani kinachoweza kutokea kikamfanya mtu huyo aseme, "Nimekosea." Basi hapo hakuna sayansi, dada. Mizani inayosema kilo mbili hata ukiweka mkono mtupu hainunuliwi sokoni, na koti jeupe hata muuza nyama analo.

Mumeo mwambie leo, si Jumamosi mbele ya spika. Watoto wapeleke kwa jirani. Usimwite tabibu tapeli, maana atamtetea, wanaume tunawajua. Mweleze ulichofanya wewe, tangu kopo mpaka glasi, kisha nyamaza. Yeye ni mwalimu wa fizikia. Akisikia jaribio lake liliwekewa vitu viwili akasifu kimoja, ataelewa kabla hujamaliza sentensi, na hapo ndipo patakapomuuma. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, umemnywesha kitu bila idhini yake. Ombeni radhi kila mmoja kwa lake.

Kesho yake mwende kliniki wote wawili, mmweleze daktari kila kitu, unga mmeubeba mfukoni. Na mwambieni kuhusu tumbo! Hapa ndipo mlipomkosea mzee wa watu. Vidonge vilimvuruga, hospitali hawakumwuliza, wewe ulimwambia meza tu, tabibu akamvutia kiti akamsikiliza saa nzima. Watu wengi hawapelekwi kwa matabibu wa namna hii na ujinga, wanapelekwa na hicho kiti. Vipo vidonge vya aina nyingine, ipo njia ya kumeza na chakula, daktari atajua, ila lazima aambiwe.

Jumamosi mumeo ana mambo mawili ya kuchagua. Apande jukwaani awaambie watu kwamba mstari ule mwekundu ni wa vidonge, au aende mapema akaing'oe karatasi yake ukutani. Akikataa yote mawili, utapanda wewe, na sauti ikitetemeka itetemeke. Mbele ya vile viti vya kukodi watakuwa wameketi watu wenye kadi za kliniki mifukoni, wakisubiri mwalimu awaambie wazitupe.

Na kuhusu gazeti, usijidanganye. Wanaume hawausomi ukurasa huu, hivyo husema wote, na nusu ya barua ninazopata ni zao. Kwa hiyo wahi, asije akayajua haya kwangu kabla ya kuyasikia kwako.

Unaogopa atanuna. Atanuna, tena sana, pengine atahamia kitanda cha wageni na mawimbi yake. Mume aliyenuna hubembelezwa, Fundi. Wifi aliyezikwa utambembeleza vipi?