Tairi za Gari Ndogo Chini ya Viazi

Jumatano, Juni 2008

Hakuna mtu Nakuru anajua tairi kunishinda. Uongo. Leo nilichagua za pickup yangu kwa kuzipiga teke, kama siku zote, na Jasbir mwenye duka akacheka.

"Mzee, hizi ni za gari ndogo. Soma hapa ubavuni, uzito na mwendo. Ukipakia viazi zitapasuka, ama polisi wakushike."

"Boss, wewe funga. Sikuja shule."

Zikafungwa. Bibi yangu, aliyekuwa ameketi mbele, akashuka. "Baba Njeri, mimi naenda na miguu."

Maisha yote ameamini mikono yangu, leo anaamini maandishi ya mpira! Imeniuma, na bado najua yeye na Jasbir wamesema kweli.

Mama Njeri, ulipovunjika mguu nilikuchotea maji, ukasema utanilipa. Kesho narudisha hizi tairi. Nilipe hivi: keti mbele na mimi, hata kama ni mpaka mji wa Bahati tu, hapo karibu.