Viatu vya Jaldesa

Merti, 9 Juni 1979

Kaka Molu,

Salaam aleikum. Huku mvua ilinyesha kidogo na mbuzi wanapata majani. Mwanangu Jaldesa alifika na lori, na sukari ya duka lako tulipokea. Asante kwa kukaa naye hapo mjini, mtaa wa Bulla Pesa, miaka minane ili asome.

Jana alienda na wenzake kunywesha ng'ombe mtoni. Alifika nusu ya njia akarudi, anahema, ameshika magoti. Kijana wa miaka ishirini na moja! Tumbo limemtangulia na miguu ni myembamba. Mimi nimefuga maisha yangu yote; mnyama aliyekua akiwa amefungwa namjua kwa kumtazama tu.

Barua zako zilisema kila jioni yuko uwanjani. Nikimuuliza, anainama. Lakini leo jirani alipiga hodi, na kabla sijaitika Jaldesa akasema, "Karibu, nikupimie kilo ngapi?"

Nasikia mwanao Dima ndiye mfungaji hodari wa timu ya shule. Basi niambie kitu kimoja tu, kaka: vile viatu vya kuchezea mpira nilivyomtumia Jaldesa, vilivaliwa na nani?

Dada yako anayengoja jibu,
Gumato