Mwalimu Asiye na Picha Ukutani

Nyakato, Musoma
Jumatatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Mugeta, na mguu wako umepungua maumivu. Mimi ni mzima wa mwili. Wenzangu wamekwenda likizo, nimebaki bwenini peke yangu. Siku nyingine jioni inafika sijasema neno na mtu.

Nimebaki kwa kuwa mkuu wa chuo amenipa kazi ya kuandika habari za walimu waliojenga chuo chetu cha udaktari, ziwekwe ukumbini pamoja na picha zao. Nimeandika juu ya Dk. Florian, aliyefundisha upasuaji kwa kuchora sakafuni kwa chaki wakati chuo hakikuwa na ubao. Nimeandika juu ya Dk. Eufrasia, aliyetuachia desturi kwamba mwanafunzi hashiki kisu kabla ya kuuamkia mwili ulio mezani: “Shikamoo, mwalimu.”

Nilimsomea orodha Mzee Kasmiri, mtunza chumba cha miili. Alicheka, akasema wakubwa wote wamo. Kisha akasema, “Ila yule wa mezani mnamsahauga. Amekufundisha mwaka mzima, na Ijumaa chuo kinamzika.”

Baba, kaa chini kwanza. Mwili huo uliokotwa ufukweni, hakuna aliyekuja kuudai. Kwenye daftari una namba tu. Siku ya kwanza niliufunua mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo, vile vilivyokatwa na mashine ya pamba Bunda, na chini ya kiwiko limechanjwa jina la bibi. Ni baba mdogo Werema.

Nilimwamkia kama wengine, nikashika kisu. Niliogopa kwamba nikisema, utaniuliza nimemfanya nini. Kila uliponipigia kuuliza kama kuna aliyemwona huku, nilijibu bado, na kesho yake nikarudi mezani. Moyo wa mtu nimeujulia kwake.

Leo nimemweleza mkuu wa chuo. Amekubali tumchukue, mradi ndugu atie sahihi. Nimetia mimi. Fomu ilitaka uhusiano. Kwa kuwa hakuacha mtoto, nimeandika: mtoto wake.

Barua hii anakuletea Isaya wa basi, maana kwa simu nimeshindwa. Nitatoka naye hapa Alhamisi alfajiri kwa gari la chuo, tupitie Butiama. Chimbeni kaburi. Kama hutaki kuniona, nitakaa ndani ya gari mpaka mmalize kumzika.

Mama msalimie, ila haya umwambie wewe.

Mwanao,
Wankyo