Sahani Ilipotulia Uani Kwetu

Mama yangu kipenzi,

Mjukuu wako Salehe sasa hivi alikuwa kalala kifudifudi hapa chini, kabana sikio sakafuni, akaniambia, "Nyamaza mama, chini wanatwanga." Nimecheka mpaka kalamu ikanidondoka. Baba yake kambeba mabegani, wametoka.

Shikamoo mama. Kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila usingizi haunikai.

Mchezo huo wa Salehe kauona kwa wakubwa. Wajerumani wanataka kujenga nyumba za mawe hapa Bigwa, lakini wanaiogopa ardhi. Maji ya Uluguru hupita chini kwa chini, na pengine pana uwazi usioonekana. Basi yuko Mzungu tunamwita Bwana Zebaki. Mume wangu na wenzake humchimbia shimo, wanafukia baruti, inalipuliwa, naye kainamia sahani ya zebaki kwa mbali. Zebaki ikitetemeka kama uji jikoni, anasema chini pabovu, anapigilia kigingi chekundu. Ikitulia, cheupe.

Akiwa anatazama, ni marufuku kutembea wala kutwanga. Jirani yangu Bi Tausi, mama wa Kiluguru aliyenipokea kama mwanawe, ana masikio mazito, amri hakuisikia. Alikuwa anatwanga mtama. Zebaki ikarukaruka. Askari walisema mwanamke hapigwi kiboko, wakamlaza mwanawe wa kiume, viboko hamsa ishirini. Bi Tausi wakamrudisha kwenye kinu.

"Twanga, bibi," askari akamwambia. "Kila mchi ukishuka, na sisi tunashusha."

Akatwanga, mama. Na watu walicheka, wengine wa mtaa huu huu.

Zamu ya uani kwetu, sahani ikatulia tuli. Kigingi cheupe! Nikapiga vigelegele, na Bi Tausi, aliyepata cheupe pia, akanipokea huku anajifuta macho. Tulijua wa vyekundu ndio watakaohamishwa, wasije wakadidimia.

Juzi akida wa Wajerumani akaja.

"Mnashangilia nini? Mzungu ajenge nyumba ya mawe juu ya uji? Penye vyeupe ni pake. Kusanyeni vyungu, nendeni kwenye vyekundu."

Bi Tausi akamwuliza, "Baba, na sisi tukizama?"

"Uji si ndio chakula chenu? Mmeuzoea."

Basi tumepewa kiwanja kule. Jembe ukilipiga linazama lenyewe. Mume wangu anasema udongo laini ndio wenye rutuba, maboga yatanenepa. Nami naamini, mama. Tutakanyaga polepole, ardhi itatuzoea. Leo wanasimamisha nguzo ya kati, na Salehe kapelekwa akaisikilize ardhi yetu mpya, kama Bwana Zebaki. Ikitushika masika haya, nitatuma mtu akulete, ulale kwenye nyumba ya mwanao.

Kaka anayekusomea hii nampa mkono. Shangazi wa vitumbua mwambie kanga yake ndiyo mbeleko ya Salehe. Na bibi mzaa baba, mwambie mtoto kachukua kisogo cha marehemu babu, wala asibishe mpaka aje aone.

Namsikia Bi Tausi ananiita kutoka kule kiwanjani, "Mama Salehe! Kimbia, Mama Salehe!" Yeye kwa uziwi wake hupiga kelele hata akiomba chumvi. Bila shaka nguzo wameshaimaliza, ngoja nikaione nyumba yetu ilivyosi—